Filamu bora kuliko zote: orodha ipi uifuate, kura ipi uipige

Waulize washabiki wa sinema ni filamu ipi iliyo bora kuliko zote, nao watakuletea mabingwa wanne, kila mmoja na kura zake. Wahakiki waliopiga kura ya jarida la Uingereza la Sight and Sound mwaka 2022 waliichagua Jeanne Dielman ya Chantal Akerman. Waongozaji wa filamu, mwaka huohuo na kwa jarida hilohilo, waliichagua 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick. Taasisi ya Filamu ya Marekani, AFI, iliitawaza Citizen Kane mwaka 1998 na ikairudia mwaka 2007. Nao watazamaji wanaotoa alama kwenye tovuti ya IMDb wameiweka The Shawshank Redemption kileleni tangu 2008.

Ubishi unaofuata huwa mkali, na mara nyingi ni wa bure, maana kila upande unadhani mwenzake hana macho. Ilhali makundi haya manne ya wapiga kura hayakuulizwa swali moja, wala kura zao hazikuhesabiwa kwa njia moja. Kwa hiyo kabla hujachagua orodha ya kukuongoza, au kabla kundi lenu halijaanza kupigia kura filamu zake, tazama mambo matatu: nani aliulizwa, aliulizwa nini, na hesabu ilikwendaje.

Wahakiki: Sight and Sound

Hii ni kongwe na ndiyo yenye heshima kubwa zaidi. Ilianza mwaka 1952 na hurudiwa kila baada ya miaka kumi. Mhakiki anaombwa majina kumi. Hazipangi filamu zake kwa kuzidiana. Kila jina aliloandika linahesabiwa kura moja, basi. Halafu neno "bora" anaachiwa alipime mwenyewe: anaweza kuchagua filamu iliyobadili historia ya sinema, au iliyofika kilele cha ufundi, au iliyombadili yeye.

Utaratibu huo unaonekana mwepesi, ila una matokeo ambayo wengi hawayaoni. Filamu ambayo watu 200 wanaiweka mwishoni mwa kumi zao inaishinda ile ambayo watu 150 wako tayari kuifia. Na kura zinatawanyika sana. Mwaka 2012 Vertigo ya Alfred Hitchcock ilishinda kwa kura 191 dhidi ya 157 za Citizen Kane, katika wapiga kura 846. Piga hesabu: zaidi ya robo tatu ya waliopiga kura hawakuitaja kabisa filamu iliyotangazwa kuwa bora duniani. Mimi naona hilo ni jambo zuri, linaonyesha sinema ni pana. Lakini mtu akikwambia kwamba "wahakiki wote wamekubaliana", mwonyeshe namba hizo.

Historia ya kura hii inafundisha kuliko mshindi wake yeyote. Mwaka 1952 ilishinda Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, filamu iliyokuwa na umri wa miaka minne tu, na Citizen Kane ya 1941 haikuingia hata kumi bora. Kane ilikuwa imetoka huku magazeti ya tajiri William Randolph Hearst yakiipiga vita, kwa sababu alijiona ndiye anayesemwa. Katikati ya miaka ya 1950 hazina ya filamu za RKO, studio iliyoitoa, iliuzwa kwa ajili ya televisheni, Kane ikarudi machoni pa watu, na kuanzia 1962 ikashinda mara tano mfululizo hadi 2002. Vertigo nayo ilipanda ngazi kwa ngazi: ya 7 mwaka 1982, ya 4 mwaka 1992, ya 2 mwaka 2002, kisha ikatwaa ubingwa. Filamu zenyewe hazikubadilika hata fremu moja. Kilichobadilika ni waliopata kuziona.

Ndiyo maana kelele za 2022 sikuziunga mkono. Jeanne Dielman ilipopanda hadi nafasi ya kwanza, Paul Schrader, mwandishi wa Taxi Driver, alilalamika hadharani kwamba kuibuka huko kwa ghafla kunaishushia kura hadhi. Lakini filamu hiyo ilikuwa ya 36 miaka kumi nyuma. Haikushuka kutoka mbinguni. Na idadi ya waliopiga kura ilikuwa imepanda kutoka 846 hadi 1,639. Ukiongeza wapiga kura kiasi hicho, wenye asili na rika tofauti, utapata majibu tofauti. Katika orodha hiyo ya 2022 Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty na La Noire de… ya Ousmane Sembène, zote za Senegal, zimo katika 100 bora.

Je, uifuate? Ndiyo, kama umeshaona filamu nyingi za zamani na unataka kusukumwa mbele. Hapana, kama ndiyo kwanza unaanza. Jeanne Dielman ina saa tatu na dakika ishirini na moja za mama mjane akipika, akifagia, akimenya viazi na kupokea wanaume mchana, hadi mpangilio wa maisha yake unapoanza kufumuka kidogokidogo. Ni kazi kubwa. Vilevile ni njia ya uhakika ya kumfanya mgeni wa sinema asirudi tena. Mwenye kutaka kuanza na orodha hii aanzie Singin' in the Rain, ambayo nayo ilikuwa katika kumi bora za 2022, kisha apande Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, ndipo aende kwa Akerman.

Waongozaji: kura ya jirani isiyotajwa sana

Tangu 1992 jarida hilohilo limekuwa likiwapigisha kura waongozaji peke yao. Kane ilishinda 1992 na 2002, Tokyo Story ikashinda 2012, na 2001: A Space Odyssey ikashinda mwaka 2022, wapiga kura wakiwa 480. Ukiziweka orodha mbili bega kwa bega utaona kitu: The Godfather ilikuwa ya tatu kwa waongozaji, ilhali kwa wahakiki haikuingia kumi bora. Mhakiki anapenda filamu inayompa la kuandika. Mwongozaji anapenda filamu inayomfanya ajiulize, "Huyu alifanyaje?"

Kwa mtu anayetaka orodha moja tu ya kuanzia safari, hii ndiyo ninayompa. Ina ukali wa wahakiki lakini haijaisahau hadithi.

AFI: Hollywood ikijitazama kwenye kioo

Mwaka 1998 AFI iliwapa watu 1,500 wa tasnia karatasi yenye filamu 400 zilizokwisha teuliwa, wachague kutoka humo. Angalia tofauti: mhakiki wa Sight and Sound anaanza na ukurasa mtupu, mpiga kura wa AFI anaanza na menyu. Aidha filamu lazima ziwe za Marekani, na wapiga kura waliambiwa wazingatie pia tuzo, umaarufu na athari yake katika utamaduni. Ozu wa Japani hayumo, De Sica wa Italia hayumo, Akira Kurosawa wa Japani hayumo, na si kwa sababu walishindwa, hawakuruhusiwa mlangoni.

Ndani ya uzio huo orodha ni nzuri, na thamani yake kubwa iko katika kulinganisha toleo la 1998 na la 2007. The Searchers ya John Ford iliruka kutoka nafasi ya 96 hadi ya 12. Vertigo kutoka 61 hadi 9. The General, kichekesho kisicho na sauti cha Buster Keaton cha 1926, haikuwamo kabisa mara ya kwanza. Mara ya pili ikakaa nafasi ya 18. Miaka tisa tu! Mtu anayeapa kwamba filamu za kale zimeshapangwa na hazisogei aisome jozi hiyo.

Ukitaka kuelewa kwa nini filamu za Marekani zinasimulia hadithi jinsi zinavyosimulia, fuata AFI. Ukitaka kuijua sinema, usiishie hapo.

IMDb na Letterboxd: sauti ya umati

Hapa hakuna anayekualika. Unatazama, unatoa alama kati ya 1 na 10, na tovuti inapiga wastani. Si wastani wa kawaida lakini: filamu yenye alama chache huvutwa kuelekea wastani wa filamu zote, ili sinema ya watu hamsini waliompenda binamu yao mwigizaji isije ikawa ya kwanza duniani. IMDb inataka angalau kura 25,000 kabla filamu haijaingia kwenye 250 bora, na inahesabu wapiga kura wa mara kwa mara tu. Jinsi inavyowatambua haisemi, kuzuia udanganyifu.

Udhaifu wake ni kwamba alama hutolewa na yeyote atakaye, mara nyingi akiwa bado ana moto wa filamu. Julai 2008, The Dark Knight ilipanda hadi nafasi ya kwanza siku chache baada ya kutoka na kuishusha The Godfather, iliyokuwa imekaa hapo muda mrefu. Vumbi lilipotulia, aliyebaki juu hakuwa hata mmoja wa wapiganaji hao wawili, ilikuwa Shawshank.

Na kwa nini Shawshank? Ilipotoka 1994 haikuuza tiketi za kutosha. Iliteuliwa kuwania tuzo saba za Oscar, haikupata hata moja. Ila kuanzia 1997 kituo cha televisheni cha TNT cha Marekani kiliirusha tena na tena, na watu wakaizoea kama mtu wa nyumbani. It's a Wonderful Life ya 1946 ilipita njia hiyohiyo: hakimiliki yake ilipoachwa ikapita mwaka 1974, vituo vikairusha kila Krismasi, na filamu iliyokuwa imefifia ikawa kipenzi cha taifa zima. Umati haupigii kura filamu bora kati ya zote. Unapiga kati ya zile zilizowafikia. Nadhani hata wahakiki ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba zinazowafikia wao ni nyingi zaidi.

Letterboxd, tovuti nyingine ya washabiki iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2011, hutumia nyota tano na nusu zake. Ungetarajia iwe nakala ya IMDb, lakini siyo. Parasite ya Korea Kusini ilikaa kileleni kwa kipindi, na miaka ya karibuni Harakiri ya Masaki Kobayashi, filamu ya samurai ya 1962 ya rangi nyeusi na nyeupe, imekuwa juu. Hawa ni watazamaji wanaoandika kumbukumbu ya kila walichoona, na hawaogopi kusoma tafsiri chini ya picha. Kati ya orodha mbili za umati, naichukua hii bila kusita. IMDb naiweka kwa jioni yenye wageni, ambapo hakuna anayetaka kubahatisha: 12 Angry Men ya 1957 iko miongoni mwa zilizo juu pale, na sijui mtu ambaye angechoshwa na wanaume kumi na wawili waliofungiwa chumba kimoja.

Na Oscar?

Usiitumie kutafutia filamu za kale. Katika mabingwa wetu wanne hakuna hata mmoja aliyetwaa tuzo ya filamu bora ya mwaka. Kane iliteuliwa mara tisa, ikapata tuzo moja ya mswada, na filamu bora ikawa How Green Was My Valley. 2001 haikuteuliwa hata kuwania filamu bora. Jeanne Dielman haikuhusika kabisa. Shawshank nimeshaisema.

Wasiopenda mashindano wana kimbilio jingine: rejista ya taifa ya filamu ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Tangu 1989 huchaguliwa filamu 25 kila mwaka za kuhifadhiwa, zenye umri wa angalau miaka kumi, na hazipewi namba. Kane, Casablanca na Vertigo zote ziliingia mwaka wa kwanza, na hakuna aliyegombana.

Sasa kundi lenu linapiga kura

Hapa ndipo watu wengi hukosea, maana huchagua filamu kwa makini na njia ya kuhesabu kwa haraka. Chukua mfano wa kubuni. Watu tisa, filamu tatu zimebaki: Citizen Kane, Casablanca na Seven Samurai. Kila mmoja anazipanga kwa anavyozipenda.

Wanne: Kane, Casablanca, Samurai.
Watatu: Samurai, Casablanca, Kane.
Wawili: Casablanca, Samurai, Kane.

Mkihesabu chaguo la kwanza tu, Kane inashinda kwa kura 4, Samurai 3, Casablanca 2. Lakini tazama: watu watano kati ya tisa wameiweka Kane mkiani.

Mkitumia kura ya kuondoana, ambayo Oscar huitumia kwa filamu bora tangu uteuzi ulipopanuliwa hadi filamu kumi kwa filamu za 2009, aliye nyuma anatolewa na kura zake zinakwenda kwenye chaguo la pili. Casablanca inatoka, kura zake 2 zinakwenda kwa Samurai. Samurai 5, Kane 4. Bingwa mpya.

Mkitumia pointi, 3 kwa ya kwanza, 2 kwa ya pili, 1 kwa ya tatu, Casablanca inapata 20, na Kane na Samurai 17 kila moja. Mkiipambanisha Casablanca na kila mpinzani peke yake, inaishinda Kane 5 kwa 4 na Samurai 6 kwa 3. Njia ya kwanza ilikuwa imeiweka ya mwisho.

Watu walewale, mapenzi yaleyale, mabingwa watatu. Hakuna aliyeiba kura.

Kwa hiyo chagueni kwa mnachokitaka. Mkitafuta filamu ya kutazama pamoja Jumamosi, pointi ndizo, kwa sababu zinazawadia ile ambayo hakuna anayeichukia. Zina mlango mmoja wa hila: mjanja anaweza kuizika mwisho filamu anayojua ni nzuri, ili ya kwake ipite. Kundi la marafiki watano litamkamata. Kundi la mia mbili halitamjua. Kwa kundi kubwa rudini kwenye njia ya Sight and Sound, majina kumi kila mmoja bila kupanga. Ni rahisi kuhesabu, ngumu kuchezea, na faida yake kubwa wala si mshindi: ni mkia mrefu wa filamu zilizotajwa na mtu mmoja au wawili, ambako huwa napata vitu vizuri kuliko juu.

Mtoano wa filamu mbilimbili, kama kombe la mpira, ndio unaopendwa zaidi na ndio ninaouamini kidogo zaidi. Unaleta raha na kelele, sikatai. Lakini droo ikizikutanisha The Godfather na Casablanca raundi ya kwanza, moja imekwenda nyumbani, na upande wa pili filamu ya wastani inafika nusu fainali bila kutoka jasho. Mkiupenda sana, angalau zipangeni filamu kwa pointi kwanza, zile zenye nguvu ziwekwe mbalimbali.

Kanuni moja iwe juu ya njia zote: anayepiga kura kati ya filamu mbili awe ameziona zote mbili. Bila hiyo kila pambano ni umaarufu dhidi ya jina geni, na Tokyo Story haitashinda kamwe. Asiyeiona moja asiweke sifuri. Aache wazi, na mwenye kuhesabu atumie wastani wa walioiona. Kisha filamu iliyoachwa wazi na wengi zaidi ndiyo iwekwe kwenye ratiba ya wiki ijayo, kabla hata mshindi hajatangazwa.